Kisahani Kilichomo Ndani ya Mkebe Wangu wa Uzi

Admin, jina langu lifiche. Na nyinyi mtakaosoma, msianze kunitukana kabla hamjafika mwisho. Matusi ninayo ya kutosha, najitukana mwenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Kinondo, nina mume na watoto watatu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea chuma katika kiwanda kimoja huku kusini, nami hapo hapo ndimi ninayepima kazi ya mafundi.

Niwaeleze kidogo. Bomba la mvuke wa boila likishachomelewa, nakata kisahani cha chuma kando ya mshono, kidogo kama kifungo cha shati. Nakitia kwenye tanuri, kinakandamizwa na kigololi wiki baada ya wiki. Chuma kikiwa na moto na mzigo huvutika polepole mpaka kikapasuka, na hicho kidogo hutuambia bomba lenyewe litavumilia muda gani. Kando ya mshono ndipo panapodhoofika, kwa hivyo ni hapo pa kukata, si kwingine.

Mwaka jana nilipima bomba alilolichomelea mume wangu. Kisahani kilitakiwa kistahimili wiki nne. Siku ya tisa kikapasuka. Nilimwambia nyumbani, tukila. Akaliweka tonge chini.

"Mke ni vazi la mumewe," akasema. "Ukinivua nguo mbele ya wale watu, nitapita wapi Kinondo hii? Kata kingine, ukate mbali na mshono. Nisitiri, mke wangu."

Nikamsitiri. Cha pili kilivumilia vizuri, nikatia sahihi. Kile kilichopasuka nikakificha ndani ya mkebe wangu wa uzi.

Bomba lilipasuka asubuhi moja, pale pale kwenye mshono, zamu ya mtu nitakayemwita Hamisi, wa Mwabungo. Mvuke ulimchuna uso na mikono. Wallahi nilimsikia nikiwa chumba cha vipimo, nikajua kabla sijaambiwa. Mchana ule mume wangu alikula samaki wake, akaomba na pilipili.

Sasa wakubwa wanasema bomba lilipimwa likapita, basi mwenye makosa ni Hamisi, ati alizidisha mvuke. Wamemwachisha kazi naye angali kitandani hospitali.

Mkewe alinijia nyumbani. Mama mtu mzima, nikampa shikamoo, akanipa marahaba na mihogo aliyonichimbia mwenyewe. Akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Niambie kweli, lile bomba lilikuwa zima?"

Nilimtazama machoni. "Lilikuwa zima, mama."

Akanishukuru! Akafuta machozi kwa leso yake, akasema, "Basi ni kadari, namwachia Mungu." Mihogo yake niliipika, watoto wangu wakala. Astaghfirullah, na mimi nilikula.

Nilipomwambia mume wangu kwamba nimeshindwa kunyamaza, alicheka. "Kaseme," akaniambia. "Sahihi ni ya nani, yangu au yako? Mimi nilichomelea, mke wangu akapima akasema salama. Utafungwa wewe. Watoto nitaoa mwingine awalee." Hakupandisha hata sauti, alikuwa akifunga kamba za viatu. Vazi gani hili, jamani, mtu analivaa siku ya mvua kisha analifanya tambara la kupigia deki? Miaka kumi na mbili nimempikia mtu huyu, na sikuwahi kumjua.

Jumatatu kamati ya kiwanda inakaa kusikiliza rufaa ya Hamisi. Jana nilikwenda hospitali kumtazama. Midomo haifunguki sawasawa, ilinibidi niiname ndipo nimsikie. Ameruhusiwa shahidi mmoja, na amenichagua mimi.

"Wengine wote waoga," akaniambia. "Wewe ndiwe unayelijua lile bomba, na huna uongo."

Naandika haya mkebe ukiwa mapajani. Nikikitoa kile kisahani mbele ya kamati, nafungwa mimi, na wanangu wanabaki mikononi mwa yule mtu. Nikinyamaza, namchoma Hamisi mara ya pili, safari hii kwa mdomo wangu.

Nishaurini, nifanye nini? Ila tafadhalini, asije mtu hapa akaniambia nimwachie Mungu. Mkewe Hamisi ameshamwachia, kwa uongo wangu.