Barua za Mama Nilizozifupisha

Ukiondoa miaka minne ya sekondari, sijawahi kuishi mbali na jiko la mama yangu, na hata hiyo miaka minne niliimaliza nikilia. Nilirudi na cheti, na kwa kuwa kijijini petu cheti cha kidato cha nne kilikuwa adimu kuliko baiskeli, nikafanywa karani wa kijiji. Ndio kwanza tulikuwa tumeteremshwa kutoka milima ya Vidunda, tukapangwa kwa mistari huku bondeni, upande wa barabara ya Mikumi. Siku zile za Ujamaa kila kitu kilitaka kuandikwa.

Nilijiona fundi. Barua za wilayani niliziandika kwa kupiga magoti: "Kwa heshima na taadhima, tunaomba..." Ubao wa matangazo niliufokea. Nilikuwa nimegundua kwamba ukiandika "mnaombwa kufika shamba la kijiji" wanakuja watu sita na mbwa. Ukiandika "kila mtu afike na jembe lake bila kukosa" wanakuja hata wagonjwa. Vijana waliotaka kuoa niliwaandikia barua laini mpaka mimi mwenyewe, ambaye hakuna aliyekuwa akiniandikia, nikawaonea wivu wasichana wanaopelekewa.

Barua zilizonishinda ni za mama kwa kaka yangu, ila sikujua kwamba zimenishinda.

Kaka alikuwa mfanyakazi wa reli, Tabora. Mama hakujua kusoma, na tangu tuteremke alikuwa anapungua tu: miguu imevimba, kifua kinambana. Alitaka jambo moja, amwone mwanawe. Lakini kwetu mlimani mzazi hamwagizi mtoto mkubwa aje. Anamsimulia ya nyumbani, na mtoto akisikia hayo anajua mwenyewe. Basi mama anakaa kwenye kigoda, anasimulia kwa Kividunda, nami naandika kwa Kiswahili.

"Mwambie huku jua kali, maharage yanakauka hayajatoa hata ua. Mwambie yule kuku mwekundu ameatamia ndani ya kapu langu la nguo, nimemwachia. Mwambie nyani wa huku hawana adabu kama wa kule."

"Mama, karatasi yenyewe moja."

"Andika herufi ndogo basi. Si umesomeshwa?"

Nilicheka, kisha nikaandika nilivyoona inafaa: "Mama ni mgonjwa. Unatakiwa kufika nyumbani mapema iwezekanavyo, bila kukosa."

"Umeandika na ya kuku?"

"Nimeandika, mama."

Jibu lilikuja na mistari miwili: barua yangu ameipata, likizo yake bado. Nikasema moyoni, huyu kaka jiwe. Nikamwandikia tena, kwa ukali zaidi. Mwaka ule nilimwandikia mara nne, naye akanijibu mara nne. Kila nikimsomea mama jibu, ananiuliza, "Ya kuku hajasema kitu?"

"Hajasema."

"Kazi zimemzidi, maskini."

Mama alifariki masika yalipoanza. Tulimpigia kaka simu ya maandishi. Alishuka treni Kilosa, akadandia lori, akatukuta tumeshazika.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Bibi Karani." Hivyo ndivyo alivyonitania siku zote, lakini safari hii hakuwa anatania.

Watu wa msiba walipopungua, alitoa barua zangu mfukoni, akazipanga juu ya mkeka.

"Hizi ni zako," akasema. "Si za mama. Mama hajaniambia 'bila kukosa' tangu anizae. Nikajua ni wewe, umepewa ubao, sasa unataka kutupanga mpaka sisi wa Tabora. Nikasema, mama angekuwa na hali mbaya angesimulia."

"Alisimulia."

"Wapi?"

Nikamwambia ya kuku. Nikamwambia ya maharage na ya nyani. Akacheka kusikia ya nyani, halafu akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akataka mengine. Mama alikuwa amenisimulia mwaka mzima, nami nilikumbuka mambo matano, labda sita. Mengine yote sikuyaandika popote.

"Na hii ya mwisho?" akauliza. "Siku hiyo alisema nini?"

Siku hiyo nilikuwa na mkutano wa kamati, kalamu mkononi, mguu mmoja mlangoni.

"Alikuwa anaeleza njia ya kupanda kwenye nyumba yetu ya zamani. Kona kwa kona, na mahali alipokuwa akipumzika. Nikamwambia afupishe."

"Akafupisha?"

"Akasema, basi, msalimie."

Kaka akaichukua barua ile ya mwisho, akaitafuta salamu. Ilikuwa chini kabisa, baada ya sahihi yangu, nimeibananisha ukingoni mwa karatasi: Mama anakusalimu. Akaweka kidole hapo, asikiondoe.