Viatu Vilivyobaki Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitanda kirefu, taa ya joto na mfagio. Mkuu wa Kitengo cha tiba ya viungo, mzee mfupi aliyependa usafi kuliko salamu, alinionyesha sakafu nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa. "Binti, humu haingii kiatu," aliniambia. "Vumbi la Dodoma liishie mlangoni." Baadaye nilihamishiwa hospitali ya wilaya, nikarudishwa mjini kushika nafasi yake alipostaafu, na nikakuta wagonjwa bado wanavua viatu bila kuambiwa. Sikuona sababu ya kubadili.

Watu waliiita kazi yetu kuchua. Kuchua kulikuwamo, lakini kwanza tulipima: kiungo kinakunjika kiasi gani, misuli ina nguvu gani, na urefu wa miguu, kwa futi ya fundi cherehani, kutoka mfupa wa nyonga hadi kifundo. Wanawake wenye maumivu ya chini ya kitovu hawakuwa wetu, walikuwa wa Daktari wa Wanawake. Salma aliletwa kwangu kwa sababu vipimo havikuonyesha kitu na dawa zilishindwa.

Alikuwa Mrangi wa Kondoa, na ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa sokoni. Yeye aliuza viatu. Mwaka wa tatu ulikuwa unapita akiumwa nyonga na tumbo la chini, kukaa hawezi, na tendo la ndoa limekuwa adhabu. Nilikuta misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu na kizazi kwa chini, imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Miguu nikaipima, iko sawa. Nilimfundisha kupumua na kuilegeza misuli ile. Akitoka kwangu ana nafuu, wiki inayofuata amerudi vilevile. Tulikwenda hivyo miezi minane.

"Mwezi ujao natoa kizazi," Daktari wa Wanawake aliniambia. "Tumezungushana vya kutosha."

Salma hakuwa amezaa. "Dada, wakikitoa, mume wangu atabaki kweli?" aliniuliza. Niliona aibu.

Wiki mbili kabla ya upasuaji mvua ilinyesha ghafla akiwa kitandani. Mhudumu alikimbia kuokoa viatu, akavipanga juu ya benchi. Jozi moja ya ngozi ya kahawia ilinishangaza: kiatu kimoja kilisimama juu kuliko mwenzake. Nikavigeuza. Soli ya kulia ilizidi ya kushoto kwa unene wa kidole, na ilishonwa hivyo kwa makusudi. Huko vilikotoka, vilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mguu mmoja mfupi.

"Hivi vya nani?"

"Vyangu, dada. Vilikosa mnunuzi, na ngozi yake nzuri. Nikaona nisivitupe."

"Tangu lini?"

Alihesabu kwa vidole. "Huu mwaka wa tatu."

Nilicheka, kisha nikataka kulia. Mguu mmoja ukiinuliwa, nyonga inapinda, na misuli ya ndani inabana kutwa nzima ili mwili usiyumbe. Miezi minane nilikuwa nampima peku kwenye sakafu yetu nyekundu, mahali pekee ambapo hakuwa na kasoro.

Nilivibeba hadi kwa Daktari. "Unataka niahirishe upasuaji kwa sababu ya kiatu?"

"Miezi mitatu tu, Daktari."

Aliandika miwili. Salma alivaa ndala, akaendelea na mazoezi. Maumivu yalipungua polepole, hayakuisha kabisa, lakini aliweza kukaa kwenye meza yake sokoni. Upasuaji ukafutwa.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, msije mkatangaza kwamba nimesema kila maumivu ya nyonga yanatoka mguuni. Mengi yana sababu nyingine, na daktari azitafute kwanza. Mimi nilifuta tu amri ya mkuu wangu: viatu vikaingia ndani, tukasugua sakafu mara mbili kwa siku.

Siku niliyostaafu Salma alikuja kuniaga nyumbani, Area D. "Mume wangu yupo," alisema nilipomuuliza habari za kwake. "Mtoto sikupata. Lakini hilo aliliamua Mwenyezi Mungu, dada, si kiatu."

Alikuwa bado kizingitini, peku, viatu vimewekwa pembeni. Nikamwambia avivae, aingie navyo.