Maji ya Mtungi wa Pili

Uji wa wimbi ukishika chini ya sufuria hutoa harufu fulani, kama ya majani makavu yaliyoungua upande mmoja. Wajukuu wangu wakiisikia hukimbilia kufungua madirisha. Mimi hukaa pale pale nikavuta pumzi, kwa maana harufu hiyo ndiyo iliyonilea. Ilikuwa kwenye kitambaa cha kichwa cha mama yangu, kwenye nywele zangu, na hata kwenye Biblia yetu, ambayo ilikaa rafu moja na unga.

Tulihamia Kericho kutoka pande za ziwa miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia, baba alipopata kazi ya kuchochea moto kwenye kiwanda cha chai. Tulipewa chumba kimoja kambini. Katika chumba kilichopakana na chetu alikaa Mama Kemunto, mjane kutoka Kisii mwenye watoto watatu, ambaye alichemsha viazi vitamu na kuwauzia wachuma chai. Mama yangu aliuza uji. Walielewana kwa Kiswahili cha kuokotaokota, kila mmoja akikivunja kwa namna yake, na sisi watoto tulicheka kwa siri. Lakini katika biashara hawakuhitaji maneno mengi. Aliyekula kiazi cha Mama Kemunto kilimkaba kooni, akaja kwa mama kutafuta uji wa kukiteremshia. Basi walikaa bega kwa bega kando ya banda la mizani, ambako chai ilipimwa, na asubuhi yule aliyewahi kuwasha moto alimpa mwenzake kaa la moto.

Mama hakusoma hata siku moja, lakini ninyi mnaouza vitu mngejifunza kwake. Unga alisaga jana yake, wala hakungoja asubuhi. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheupe kila siku, hata siku za matope. Mfanyakazi mgeni alipofika, alimpa nusu kibuyu aonje bure, akamuuliza jina, na jina hilo hakulisahau tena. Mahali pake hakupahama. Alikuwa akisema, "Mteja akikukosa mara moja, miguu yake imejifunza njia nyingine." Mtu mmoja alimtania kwamba kizuri chajiuza, mbona yeye anahangaika hivyo? Mama akamjibu kwamba uji wake ni mzuri sana ila haujui kutembea, kwa hiyo yeye ndiye miguu yake.

Aliona pia jambo ambalo wengine hawakuliona. Mapumziko yalikuwa mafupi. Watu walisimama na vikapu mgongoni wakipuliza vibuyu, na filimbi ya nyapara ikilia, nusu ya uji ilibaki. Siku moja mama akaja na mtungi wa maji baridi ya chemchemi. Anayetaka, anatiliwa kidogo, uji unapoa, anakunywa mara moja na kurudi kazini akiwa ameshiba. Habari ikaenea hadi mashamba ya ng'ambo. Haukupita muda, chungu kimoja cha uji kikawa viwili.

Kazi ya maji ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Zamani nilipanda chemchemini mara moja. Sasa ikawa mara mbili, mtungi wa kupikia kisha wa kupoozea, kwenye kilima chenye utelezi, kabla watu hawajaingia shambani. Chini ya kambi ulipita mto, karibu kabisa, lakini mama alinikataza. Ng'ombe wa mikokoteni walinywea hapo, na watu wote wa kambi walifulia hapo. "Maji ya mto ni ya nguo," aliniambia. "Ya mtu ni ya chemchemi."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mimi nilikuwa na mwiba kisiginoni ambao sikumwambia mtu, kwa kuwa nilijua mama angesimamisha kazi autafute. Mtungi wa kwanza niliufikisha nikichechemea. Nilipoinua wa pili, nikasikia filimbi ya kuita watu shambani. Nilikuwa nimechelewa. Nilitazama kilima, nikautazama mto, nikateremka.

Maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Niliyachuja kwa upindo wa gauni langu, nikajiambia kwamba maji ni maji. Mama alipoupokea mtungi akanishika shavu, akasema, "Leo umefanya haraka, mwanangu." Sifa ile iliniuma kuliko mwiba.

Jumatano jioni wachuma chai walianza kuharisha. Alhamisi walikuwa wanane, na wa nane alikuwa Okelo, mtu wa miraba minne ambaye kicheko chake kilisikika kabla hajaonekana. Alibebwa na wenzake kutoka shambani, miguu ikiburuta.

Nyapara alikuja kwetu mchana ule ule. Aliitwa Arap Mosonik, Mkipsigis mtaratibu ambaye hakupenda kelele.

"Mama Akeyo," akasema, "watu wangu wanaumwa na tumbo. Nimewauliza mmoja mmoja. Wote walikunywa kwako."

"Hata mimi nilikunywa, mzee," mama akasema. "Na niko hapa."

Ni kweli alikunywa. Lakini mama alipenda uji wa moto, wa kuunguza ulimi, na hakutia maji baridi hata tone. Pale mlangoni ni mimi peke yangu niliyejua maana yake, nikajificha nyuma ya gunia la wimbi huku kisigino kikipwita.

Ijumaa mama alikwenda mizani saa ile ile, na kitambaa chake cheupe. Alijimiminia kibuyu cha kwanza akanywa mbele ya watu. Hakuna aliyemsogelea. Jumamosi ikawa vivyo hivyo. Uji wote tuliumwaga vichakani.

Ndipo maneno yakaanza. Kama muuzaji anakunywa uji na hafi, basi uji si mbaya. Kuna mtu ametia kitu. Na ni nani anayekaa karibu na chungu kila siku? Mtu akakumbuka kumwona Mama Kemunto na majani mkononi. Alikuwa nayo kweli, majani ya mgomba ya kufunikia viazi, kama siku zote. Mwingine akasema viazi havitoki kama uji unavyotoka, na wivu ni kitu kibaya. Jumapili, kwenye ibada, benchi alilokaa Mama Kemunto na watoto wake lilibaki na nafasi pande zote mbili, na kanisa lilikuwa limejaa.

Jambo lililonitisha zaidi lilitokea Jumatatu asubuhi. Moto wetu ulikuwa umezimika. Nilichukua kigae kwenda kuomba kaa kwa Mama Kemunto kama kawaida, mama akanishika mkono. "Leo nenda kwa wengine," akasema, bila kunitazama.

Nilitaka kumwambia pale pale. Nilifungua mdomo. Lakini hofu ya mtoto, wenzangu, ni kitu kizito. Niliinama nikachukua kigae nikaenda kwa wengine.

Wakati wa mapumziko nyapara alikusanya watu bandani. Okelo alikuwa bado hawezi kuinua kichwa, na ndugu zake walikuwa mbele kabisa, wamekunja mikono. Mama Kemunto alisimama katikati. Alikuwa ameshafunga vyombo vyake kwenye shuka, kwa maana alikwisha kuambiwa. Binti yake Kemunto, wa rika langu, alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, macho yakiwa chini.

"Sitaki damu hapa," Arap Mosonik akasema. "Huyu mama aondoke leo, kabla ya mvua. Afuate njia ya Sotik arudi kwao."

"Mimi sijui dawa," Mama Kemunto akasema. "Najua viazi tu." Kisha akamgeukia mama yangu. "Mama Akeyo, sema wewe. Mwaka mzima umekula kwangu. Umekufa?"

Watu wote walimtazama mama. Mama akatazama chini.

Sikumbuki kama niliamua. Nakumbuka tu sauti yangu, nyembamba, ikitoka kana kwamba ni ya mtoto mwingine. "Ni maji," nikasema. "Nilichota mtoni. Mtungi wa pili. Nilichelewa."

Nyapara aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Sema tena." Nikasema tena, yote, hadi upindo wa gauni. Mwanamke mmoja nyuma akasema nichapwe mbele ya watu ili nijue. Ndugu mmoja wa Okelo akapiga hatua kuja kwangu.

Mama alikuwa ameshafika. Alisimama kati yetu.

"Mtoto ni wangu," akasema. "Mtungi ni wangu na uji ni wangu. Aliyewatia ugonjwa ni mimi. Huyu mama hana kosa lolote." Akamgeukia Mama Kemunto. "Dada yangu, nisamehe."

 Mama Kemunto aliinama akaanza kufungua fundo la ile shuka. Alikuwa amelikaza sana, kwa hiyo ilichukua muda mrefu, na sote tulisimama tukimtazama.

Nyapara alimkataza mama kuuza mpaka mgonjwa wa mwisho ainuke. Tulirudi nyumbani, nikaketi nikingoja fimbo. Mama aliuchukua mguu wangu akauweka pajani, akautazama ule uvimbe, kisha akapitisha sindano motoni akautoa mwiba. Nililia sana, na kusema kweli nililia zaidi ya maumivu, nikitumaini ingehesabiwa kama adhabu.

"Niliongeza chungu," mama akasema, akijisemea zaidi ya kunisemesha. "Sikuongeza mikono."

Nilidhani anazungumza habari za vyombo.

Kuanzia kesho yake alichemsha maji, akapika uji mwepesi, na tulizunguka naye kwa wagonjwa wote wanane. Kila mlango alieleza mwenyewe yaliyotokea, hakunitupia mimi lawama, hakupunguza. Wengine walipokea. Wengine walitufungia. Mke wa Okelo alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, kwa adabu, akakimwaga miguuni petu. Mama alimshukuru, na kesho yake akarudi. Siku ya nne Okelo mwenyewe alisema kutoka ndani, kwa sauti ya mgonjwa, kwamba wamwache anywe, maana tumboni hakukubaki kitu cha kuharibika. Alipopona ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza kusimama mbele ya chungu, na alikunywa polepole makusudi ili kila mtu amwone.

Mama alirudi kwenye chungu kimoja. Alikwenda kwa Mama Kemunto kumwomba Kemunto asaidiane nami kuteka maji, kwa malipo. Mama Kemunto alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akakataa. Viazi vyake alivihamishia upande wa pili wa banda. Waliendelea kusalimiana kila asubuhi, na Kiswahili chao kilichovunjika kikabaki cha salamu tu.

Nilipokua nilifungua hoteli ndogo Kaplong, na hapo ndipo nilipoelewa lile neno la chungu na mikono. Kazi ikiongezeka na watu wakibaki wale wale, kuna mahali mtu atateremka mtoni, naye atakuwa ndiye mdogo kuliko wote. Hilo nimewafundisha wanangu.

Lakini kuna jingine nililochelewa kulielewa zaidi. Utotoni nilisimulia kisa hiki kwa fahari, jinsi mama alivyosimama kati yangu na watu. Nilikuwa tayari mtu mzima nilipojiuliza kwa nini mama, ambaye hakunyamaza kamwe mbele ya mteja, alinyamaza kwanza Mama Kemunto alipomwomba aseme. Mama alijua jina la kila mchuma chai, na alijua kwamba Mama Kemunto hakutia kitu. Alijua siku zote. Aliinamisha macho kwa muda mfupi tu, kwa hofu ya kupoteza wateja, kisha akarekebisha yote yaliyoweza kurekebishwa. Wateja walirudi wote kabla ya mwaka kwisha. Aliyekuwa akitupatia kaa la moto asubuhi hakurudi kwetu.