Mtani wa Fundi Cherehani

Nilifika Iringa juu ya magunia ya viazi, kwenye lori lililotoka Mbeya. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne, na sikujua ninakokwenda. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilidhani ningepumzika wiki moja. Nikakaa misimu miwili ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Hata sasa, baridi ya asubuhi ikiniuma masikio, huwa naukumbuka mtaa ule wa upande wa Kihesa.

Wenyeji walikuwa Wahehe, lakini watu walitoka kila mahali. Wabena walipasua mbao, Wanyakyusa walishusha ndizi, Mwarabu aliuza kahawa, na Mhindi wa duka la vitambaa alisema Kihehe kizuri kuliko mimi. Jumamosi walipita Wagiriki wa mashamba ya tumbaku kununua mablanketi ya vibarua. Adhana ilituamsha, na kabla hatujanawa uso kengele ya misheni ikafuata. Mimi niliingia ua wowote kwa kuuliza tu: hiki mnakipikaje? Sikumbuki kufukuzwa, ila nakumbuka nilichokula.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja Mhehe, mjane. Ng'ambo ya njia, kwenye baraza la Mhindi, alikaa fundi cherehani, Mngoni, futikamba shingoni na pini midomoni. Kila mteja aliambiwa neno moja: "Njoo keshokutwa." Wahehe na Wangoni walipigana zamani za mababu, na vita vile vikazaa utani. Basi kila asubuhi mama mwenye nyumba alisimama mlangoni na ufagio.

"We Mngoni, hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani mji? Mbwa mmewamaliza, mtaanza kula paka."

"Babu yako alikimbia akaacha ngao. Mpaka leo tunafunikia mtungi."

"Aliwaonea huruma. Aliona hamna kifuniko."

Mhindi alicheka hadi akavua miwani kujifuta machozi.

Masika moja fundi akashikwa na kichomi. Hata alipokuwa hoi kitandani, mama alipita dirishani na kuuliza, "Hujafa tu?" Naye akajibu kwa sauti ndogo, "Keshokutwa." Usiku ule akafa.

Kazi ya mtani msibani ni kumwigiza marehemu, kuwachekesha waliofiwa na kuwazuia wabebaji wa jeneza mpaka aridhike. Mtu asiposindikizwa na watani huonekana kama hakuishi na watu. Sasa jeneza lilikuwa tayari uani na katekista anatazama mawingu, lakini mama mwenye nyumba haonekani. Wakamleta mchinja nyama, Mhehe pia, akaanza vichekesho vyake. Mke wa marehemu, Mngoni mwenzake, akageuza uso.

"Huyo hakumjua mume wangu," alisema. Kisha akaniangalia mimi. "Kamlete mama yenu. Mume wangu hatoki humu bila mtani wake."

Nilimkuta ameketi jikoni, moto umezimika.

"Mama, wanakusubiri."

"Nikaseme nini? Nilimwuliza hujafa tu, hujafa tu, haya amekufa. Mtani haendi msibani kulia. Na mimi nina kilio tu."

Nikasema, "Mke wake hataki mwingine."

Halafu akainuka, akavuka njia mpaka barazani, akavaa koti la fundi lililokuwa limetundikwa nyuma ya cherehani, akatia futikamba shingoni na pini midomoni. Akaingia msibani akitembea kwa kuinamisha bega moja, vile vile alivyotembea marehemu. Akampima katekista tumbo, akatikisa kichwa.

"Kanzu? Kitambaa hakitoshi. Njoo keshokutwa."

"Wallahi!" Mwarabu akapiga kelele. "Kanzu yangu tangu Ramadhani naambiwa keshokutwa!"

Uani pakalipuka kicheko. Mama akaliendea jeneza, akanyoosha futikamba juu yake.

"Nani kashona hili? Linabana mabegani. Amka urekebishe, Mngoni wee! Sisi Wahehe hatuziki mtu na nguo ya kubana."

Mjane wa fundi akacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akajipiga paja, akasema, "Haya, mchukueni."

Tulimbeba kwa kupokezana: Wabena, Wanyakyusa, mimi, na Mhindi, ambaye alikataa kupokelewa hadi mwisho wa mtaa. Mama alitangulia mbele akitukana ukoo mzima wa Wangoni mpaka makaburini, na hata kaburini hakutoa chozi.

Tuliporudi aliketi jamvini kando ya mjane, koti bado mwilini, na hapo ndipo alipolia, kilio cha kutikisa mwili mzima. Mjane akamvuta karibu, akamsugua mgongo.

"Lia polepole, Mhehe wee," akamwambia. "Utalowesha koti la watu."