Mama Phyllis Murugi wa Mukurweini na Kaburi Alilolitoa

Alizaliwa mwaka wa 1946 katika mteremko ulio juu kidogo ya mji wa Mukurweini, mwezi wa saba, wakati ambapo ukungu hushuka na Mlima Kenya hujifunika blanketi usionekane. Wakunga waliokuwapo waliapa kwamba mtoto alipolia mara ya kwanza ukungu ulipasuka, theluji ikaonekana mpaka Kangema, na wachuma chai wa huko wakaweka vikapu chini wakashangaa. Wakunga hao wote wamekwisha kufa, kwa hiyo hakuna wa kubishana nao. Alibatizwa Phyllis, lakini jina lililoshika ni la bibi yake, Murugi, yaani mpishi.

Aliolewa na Muriithi, mkulima wa kahawa, wakamzaa Wamae. Siku hizo, ambazo tunazikumbuka sasa kama harufu ya kahawa ikichanua, mlango ulifungwa kwa kamba tu ili kuku wasiingie, na mwenye ng'ombe aliyekamuliwa alimpa maziwa jirani ambaye ng'ombe wake ana mimba. Mama Murugi alikuwa mbele katika hayo yote. Inasemwa kuwa sufuria yake haikuwahi kuonekana ikiwa tupu, ingawa Muriithi alidai ni kwa sababu hakuna aliyethubutu kuchungulia.

Wito wake wa kweli ulikuja kwa njia ya kosa. Mwaka wa 1994 Adan Guyo, fundi wa cherehani kutoka Isiolo, Mwislamu, alihamia Mukurweini na mkewe Halima, wakakodi chumba karibu na soko la ndizi. Krismasi ilipofika, Mama Murugi hakuweza kula huku majirani wageni wakinusa moshi tu. Akachukua mutura nzima, ule utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama na damu ambao Muriithi aliuchoma vizuri kuliko mtu yeyote upande huu wa Sagana, akampelekea. Adan akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamwombea baraka. Jioni Mama Murugi akamkuta mbwa wa sokoni amelala kifudifudi, ameshiba hata kubweka hawezi, na kipande cha mutura kimebaki puani pake.

Akarudi kuuliza. Adan akainamisha kichwa. "Mama Wamae, tumeshukuru sana. Lakini sisi damu hatukuli."

"Na mbona ukapokea?"

"Ungerudi kwako na aibu, siku kubwa yenu?"

Mama Murugi alicheka mpaka akakalia gunia la maharagwe. Lakini usiku ule, alipopiga magoti, hakucheka. Alisema baadaye kwamba alikuwa amempelekea mwenzake kile anachokipenda yeye mwenyewe, akakiita upendo, na kwamba mgeni ndiye aliyekuwa na upendo zaidi siku hiyo. Tangu hapo akawa na desturi moja ambayo hakuiacha: kabla ya kumtendea mtu wema, anamwuliza kwanza. Adan naye akawa fundi wa mji mzima. Vitambaa vyeupe vya kina mama wa kanisa alivishona yeye, na koti la Jumapili la Mzee Gicheru, mkuu wa wazee wa kanisa, alilishona yeye pia.

Jaribu kubwa lilikuja Aprili ya 2010, katika mvua za masika. Adan aliamka na maumivu ya kifua, na kabla jua halijachomoza alikuwa amefariki. Watu wa Mukurweini ni wema, na wema wao una haraka. Kabla chai haijachemka kulikuwa na kamati, Mzee Gicheru akiwa mwenyekiti. Mochari ilitajwa, jeneza la msonobari likaagizwa, mikutano ya jioni ikapangwa ya juma zima, kama anavyozikwa mtu wa maana. Halima alijaribu kusema kwamba mumewe azikwe leo hii, katika sanda, bila jeneza. Kila akifungua mdomo anaambiwa pole, nyamaza, tutafanya kila kitu.

Mama Murugi alifika viatu vikiwa na matope, akapita kamati yote, akaketi chini karibu na mjane. "Halima, kwenu hufanywa aje?"

Halima akasema yote. Ndipo Mama Murugi akasimama. "Wazee, niko na shukrani kwenu. Lakini hii mnamletea huyu mama ni mutura." Waliokijua kisa walicheka katikati ya machozi, na kamati ikavunjika.

Ila atazikwa wapi? Makaburi ya Waislamu yako Nyeri, na mto ulikuwa umefunika daraja la njia ya huko. Hakuna gari lingepita. Jua lilikuwa linapanda. Mama Murugi akasema azikwe chini ya kahawa yake, kando ya Muriithi aliyekwisha kutangulia. Wamae akasema ati kesho ukoo wa mgeni utadai shamba. Tena pale ni mahali alipojichagulia mama mwenyewe.

"Mimi bado natembea," alijibu. "Adan ndiye amechoka."

Mzee Gicheru akamwonya kwamba mama wa kanisa anayewapa Waislamu ardhi ya kuombea atakosa Meza ya Bwana. Akamjibu kwa upole kwamba Meza ni ya Bwana, na atamwuliza Mwenyewe.

Jamaa watatu wa Halima walifika kutoka Sagana kwa bodaboda, wamekuwa rangi ya udongo kama viazi. Waliwaonyesha wachimbaji mahali ambapo uso wa marehemu ungeelekea: upande wa Mlima, kisha kushoto kidogo. Mama Murugi akatazama. "Basi si mbali na Mlima alikoelekea babu yangu akiomba," akasema. Mvua ilinyesha kotekote isipokuwa juu ya shamba lile. Adan alizikwa kabla jua halijatua.

Mama Murugi alinyimwa Meza kweli, akakaa benchi la nyuma bila kununa. Jumapili moja akasimama na wengine kwenda mbele. Mzee Gicheru akainua mkono kumzuia, na mshono wa koti lake, kazi ya Adan ambayo haikuwahi kulegea hata uzi, ukaachia kutoka kwapani hadi kiwikoni. Mzee akautazama mkono wake, akaanza kucheka, kisha akalia, akampisha.

Mama Murugi alifariki mwaka wa 2022, akazikwa upande wa pili wa Adan. Halima hakukaa akisubiri kuambiwa. Alikuja siku ile ile akiongoza mbuzi kwa kamba, akamwuliza Wamae: "Nyinyi hufanya aje?" Akaambiwa juma zima, nyimbo na jeneza. Akakaa juma zima akimenya viazi. Na kamba ya mbuzi alimkabidhi Mzee Gicheru, akasema, "Mchinje nyinyi, kwa njia yenu. Damu msimwage. Mama alipenda mutura."