Dereva Wangu Ndiye Mtaalamu wa Matetemeko

Jamani, leo nimemwonea wivu marehemu.

Nilialikwa kijijini Vidunda kuzungumzia matetemeko ya ardhi. Kazi yangu ya jiolojia niliianzia huko huko, enzi za Ujamaa, nikiwa bado binti. Wakati ule mimi nilikuwa naeleza kwa Kiswahili, na dereva wangu, Matayo, ambaye sasa ni marehemu, anawatafsiria wazee kwa Kividunda.

Basi leo nasimama tu mbele ya watu, bibi mmoja wa rika langu ananinyooshea kidole.

"Huyu namkumbuka! Alikuja na yule mtaalamu, Matayo. Huyu ndiye alikuwa anamshikia Matayo ramani."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ya Matayo!

Nikasema kwa upole kwamba mtaalamu nilikuwa mimi.

Akanitazama kwa huruma. "Sawa, mwenzangu."

Hiyo "sawa" mnaijua, msijifanye.

Nikaanza kuwatajia shahada zangu. (Ndiyo, nilifika huko.) Niko katikati ya shahada ya pili, ardhi ikatikisika. Kidogo tu, lakini mabati yalilia.

Wote wakainuka, wakatoka bila kusukumana, wakasimama uwanjani, mbali na kuta. Vilevile nilivyowaeleza enzi zile. Maneno yangu, mdomo wa Matayo!

Na mimi je? Nimeganda pale mbele, kipaza sauti mkononi.

Yule bibi, wa mwisho kufika mlangoni, akageuka.

"Toka nje, mwenzangu! Kwani Matayo hakukufundisha?"