Ngozi ya Gloriose

Gloriose Hatungimana alizaliwa bila ngozi kwenye kisigino cha kulia. Mkunga aliyemzalisha, huko Nyanza-Lac nchini Burundi, alidhani ni yeye aliyemuumiza, akaomba radhi. Baada ya siku tatu malengelenge yaliota kila mahali mtoto aliposhikwa, na mama yake, Consolate, akajifunza kumbeba juu ya jani changa la mgomba lililopakwa mawese. Waliosema hatamaliza mwaka walikosea.

Alikuwa na miaka ishirini na minne yeye na mama yake walipokimbia machafuko na kuvuka mpaka kuingia Tanzania, Mei 2015. Walikaa siku tisa ufukweni Kagunga pamoja na maelfu ya wengine, kisha wakapanda meli hadi Kigoma. Msongamano wa melini ulimchuna mgongo wote. Katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, alianza kazi aliyoijua: kukata vitenge vikuukuu, kuvichemsha, kuvianika na kuvigeuza bendeji laini. Mwanzoni zilikuwa zake, baadaye za watu walioungua moto.

Tatizo lilikuja mwaka 2018, wakati wa uhakiki wa wakimbizi. Mashine ya alama za vidole ilivikataa vidole vyake, maana makovu yalikuwa yamefuta mistari yote. Afisa alimfuta kidole kwa kitambaa akajaribu tena. Ngozi ikabanduka, ikabaki kwenye kioo.

"Umejichoma makusudi?" aliuliza.

"Oya, hapana. Nimezaliwa hivi."

Afisa hakubishana. Alimwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi, Kigoma mjini.

Daktari Nassib alikuwa mtu wa Tanga, amehamishiwa Kigoma mwaka uliotangulia. Alimtazama Gloriose kwa muda mrefu bila kumgusa. Akaandika kwamba mgonjwa hajajidhuru, asajiliwe kwa mboni za macho. Kisha akawaeleza yeye na mama yake kile ambacho hakuna aliyewahi kuwaeleza: ngozi ya juu na ya chini hushikanishwa na nyuzi ndogo sana, na mwili wa Gloriose hauzitengenezi kwa sababu jeni yenye maelekezo ya kuzitengeneza ina kosa.

"Hakuna dawa?" Consolate aliuliza.

"Bado, mama. Nimesoma na mtu anaitwa Evaline, yuko kwenye maabara Ulaya. Wao wanaandika maelekezo sahihi, wanayafunga ndani ya matone ya mafuta madogo mno, wanajaribu kuyafikisha ndani ya seli za ngozi. Wengine hutumia kirusi kilichoondolewa makali, maana kirusi kinajua kuingia. Evaline hakitaki. Mwili unaweza kukitambua na kukipiga vita ukipewa tena, na dawa hii itabidi ipakwe mara nyingi."

"Mafuta," Consolate alisema. "Mimi nimempaka mawese miaka ishirini na saba."

Nassib hakucheka. "Mawese yanalainisha juu, mama. Haya yanabeba ujumbe. Shida ni kwamba ngozi isiyo na kidonda haipitishi kitu. Inabidi itobolewe kwa visindano vifupi au ishtuliwe kwa umeme. Ya Gloriose iko wazi, lakini majimaji ya kidonda nayo huyaharibu matone."

Akatoa fomu ya ridhaa, akaomba kipande cha ngozi chenye ukubwa wa punje ya haragwe, kwa ajili ya utafiti.

"Daktari," Gloriose alisema, "ngozi ndiyo kitu nisichokuwa nacho cha kugawa."

Nassib aliikunja fomu, akampa shashi zisizonata, wakaagana.

Februari 2019 jirani yao kambini, Kabura, alijifungua mtoto wa kike mwenye miguu iliyochunika yote miwili. Wakamwita Aurore. Baadhi ya majirani walishauri aombewe na aachwe. Gloriose alifika, akamvua mtoto nepi, akaonyesha namna ya kutoboa lengelenge kwa sindano iliyochemshwa, kutoa maji na kuacha ngozi ya juu mahali pake. Alirudi kila asubuhi kwa miezi minne.

"Na yeye atakuwa kama wewe?" Kabura alimuuliza siku moja. Hakuwa na nia mbaya.

Gloriose aliendelea kufunga bendeji. Mwezi uliofuata aliomba kibali cha kwenda Kigoma.

"Ile karatasi bado ipo?" alimuuliza Nassib.

Nassib aliisoma kwa sauti. Gloriose alimtaka arudie mara mbili sehemu iliyosema anaweza kujitoa wakati wowote. Kisha akaibana kalamu kati ya kidole gumba na kiganja, akaandika majina yake kamili. Kidonda cha pajani, pale kipande kilipokatwa, kilichukua wiki saba kufunga.

Majibu yalikuja mwaka 2020. Nassib alimwonyesha picha kwenye simu: madoa meusi na vistari vichache vya kijani.

"Hizi ni seli zako. Kati ya kila mia zilizowekewa matone, kumi na mbili zimetengeneza uzi, ndio huu wa kijani."

"Zimedumu?"

"Siku tisa. Ujumbe unachakaa, ndiyo maana itabidi kupaka tena na tena."

"Nani ameshapakwa?"

"Hakuna mtu. Panya tu."

Baadaye Gloriose alimwambia mama yake kwamba alifurahi, na kwamba furaha hiyo ilimkera kwa kuwa hakujua aifanyie nini.

Mwaka huohuo Kabura na mumewe walijiandikisha kurudi Burundi. Aurore alikuwa anatembea, amevaa viatu vilivyoshonwa kwa blanketi. Kwa wiki nzima Gloriose alikaa pembeni, Kabura akatoboa malengelenge mwenyewe. Siku ya basi Gloriose alimkabidhi kiroba cha bendeji na namba ya Nassib.

"Dawa ikipatikana utaniambia?" Kabura aliuliza.

"Nitakuambia."

"Na wewe hurudi?"

"Mama amechoka kuhama."

Mwaka 2022 Evaline aliomba kipande kingine cha ngozi. Safari hii alitaka kujaribu kibebeo cha ujumbe kisicho cha mafuta. Gloriose aliongea naye kwa simu karibu saa nzima, akamuuliza kibebeo hicho kinatengenezwa na nini na kikishamaliza kazi kinakwenda wapi. Swali la pili Evaline alikiri kwamba bado hawajalijibu vizuri. Gloriose alikubali. Akaomba wachukue paja la kushoto, kwa sababu hulalia ubavu wa kulia.